Tunapokasirika, Tuipeleke Wapi Hasira?



Kuna maneno manne ambayo sisi Watanzania tumeyazoea mno katika taarifa ya habari: "wananchi wenye hasira kali". Mtu ametuhumiwa kuiba simu au kuku, na kabla polisi hawajafika, wananchi wenye hasira kali wamekwisha kumpiga hadi kufa. Mtangazaji anasoma, tunatikisa kichwa, habari za michezo zinafuata. Ni mara chache mtu huuliza: hasira yote hiyo ilikuwa wapi jana yake? Kuku mmoja hawezi kuzaa hasira ya kuua mtu. Hasira ile ilikuwa imekusanywa siku nyingi katika nyumba nyingi: kibarua kilichofanywa bila kulipwa, mahindi yaliyokauka, ada ya mtoto, deni la dukani, mume na mke wasiosemeshana. Siku ile ilipata tu mtu wa kumwangukia.

Hapa Kilole, Korogwe, hatuhitaji redio ili kuijua habari hiyo. Tunaiona nyumbani, pale baba anaporudi amenyamaza na watoto wote wanajua kwamba leo si siku ya kuomba daftari. Tunaiona katika vikao vya kwaya. Na sisi waseminari, tukisema ukweli, tunaiona pia kwetu, ingawa kwetu huvaa nguo nyingine. Kwetu hasira huitwa "utulivu".

Tumkumbuke mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja. Alikuwa mtu wa sala, hajawahi kugombana na yeyote, na walezi walimtaja kama mfano. Siku moja kwenye zamu ya maji, mdogo wake wa mwaka wa chini alimgonga bila kukusudia, ndoo ikamwagika. Mwenzetu alimnyanyulia mkono na kumpiga, tena si mara moja. Sote tuliduwaa, na yeye mwenyewe aliduwaa kuliko sisi. Baadaye alieleza kwamba kwa wiki tatu alikuwa amebeba habari ya nyumbani: baba anaumwa, na kipande cha shamba la familia kimeuzwa na ndugu bila mama kushirikishwa. Hakumwambia mtu. Tulipomuuliza kwa nini, alijibu kwa maneno machache: aliogopa kuonekana hana wito.

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike. Tunaamini kwamba wengi wetu, seminarini na parokiani, tumefundishwa njia mbili tu za kushughulika na hasira: kuimeza au kuilipua. Zote mbili ni mbaya. Ipo njia ya tatu. Kanisa linaijua, wazee wetu waliijua, na wataalamu wa leo wanaithibitisha. Lakini haiji yenyewe, lazima mtu ajifunze, na nyumba anayoishi imruhusu.

Hasira yenyewe si dhambi

Tuanze hapa, kwa sababu wengi wetu tunaungama "nimekasirika" kama mtu anayeungama "nimeiba". Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1767, inafundisha kwamba maono ya moyo, hasira ikiwamo, kwa yenyewe si mema wala si mabaya. Yanakuwa mema au mabaya kadiri akili na utashi vinavyoyaongoza. Namba 2302 inaposema juu ya hasira kama kosa, inasema juu ya tamaa ya kulipiza kisasi, ya kumtakia mwingine mabaya.

Mwinjili Marko, sura ya 3, anatuonyesha Yesu katika sinagogi akiwatazama kwa hasira wale waliomvizia kama angemponya mtu mwenye mkono uliopooza. Tuone alichokifanya na hasira ile. Hakuimeza, kwani aliwatazama usoni na kuwauliza swali. Hakuwarukia pia. Alimponya mgonjwa. Hasira yake ilipata kazi ya kufanya, na kazi hiyo ilikuwa njema.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anakwenda mbele zaidi. Katika Summa yake anauliza kama kukosa hasira kabisa kunaweza kuwa kosa, na anajibu kwamba ndiyo, kunaweza. Mtu asiyeguswa na uovu wowote, asiyekasirika hata mnyonge anapoonewa, utashi wake una kasoro. Kwa hiyo lengo la malezi si kutoa mapadre wasiokasirika. Lengo ni kutoa watu wanaojua wakasirike kwa jambo gani, kwa kiasi gani, na wafanye nini baada ya hapo.

Ikimezwa, mwili huisema

Waliosoma historia ya nchi yetu wanaikumbuka Kashasha. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana huko Kashasha, eneo la Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Kicheko kikaenea, kikachanganyika na kilio na mahangaiko. Wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana walirudishwa nyumbani na hali hiyo ikaenda nao, ikafika Nshamba na shule nyingine. Madaktari Rankin na Philip, walioandika ripoti yake mwaka 1963, hawakupata sumu wala ugonjwa wa kuambukiza. Wataalamu wengi waliolichunguza tukio hilo baadaye wanaona kwamba lilitokana na msongo wa mawazo uliokosa njia ya kutokea: mabinti mbali na nyumbani, chini ya sheria kali, wasio na mahali pa kusema lililowabana.

Hatusemi kwamba kila binti anayeanguka shuleni leo ana hasira moyoni. Tunasema tu kwamba mwili hautunzi siri milele. Usipousemea, utajisemea wenyewe kwa kuumwa kichwa, kukosa usingizi, tumbo kuvurugika, au mkono unaonyanyuka kwa ajili ya ndoo ya maji.

Na ikimezwa kwa muda mrefu, hasira hubadilika tabia. Inakuwa kejeli. Inakuwa umbeya wa bwenini baada ya taa kuzimwa. Inakuwa ukali kwa walio chini yetu, kwa kuwa walio juu yetu hatuwawezi. Siku mseminari huyo akipata daraja, itakuwa mahubiri ya kuwasema waamini kuhusu sadaka, na katekista wa kigango atakuwa wa kwanza kuipokea. Waamini watasema, "Padre wetu ana hasira za karibu." Kumbe hasira zenyewe ni za zamani sana.

Ikilipuliwa, haiishi

Njia ya pili ina sifa nzuri mitaani. Tunaambiwa, "Toa yote moyoni, piga kelele, vunja hata sahani, utapoa." Hata sisi tumezoea kumwambia mwenye hasira, "Nenda kacheze mpira, kapige shuti uzimalize."

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio huko Marekani, Sophie Kjærvik na Brad Bushman, walikusanya pamoja matokeo ya tafiti 154 zilizohusisha watu zaidi ya 10,000 na kuuliza ni nini hasa kinachopunguza hasira. Walikuta kwamba mambo yanayoutuliza mwili, kama kupumua polepole, kulegeza misuli na kutafakari kwa utulivu, yanapunguza hasira. Mambo yanayouchemsha mwili kwa jumla hayaipunguzi. Kukimbia kulielekea hata kuiongeza. Michezo ya mpira ilionekana kuwa na nafuu kidogo, pengine kwa sababu ya furaha ya kucheza na wenzako. Katika jaribio la awali la mwaka 2002, Bushman alikuwa ameona kwamba watu waliopiga gunia la mazoezi huku wakimfikiria mtu aliyewaudhi walitoka hapo na hasira zaidi kuliko wale walioketi kimya.

Hilo tunaliona wenyewe uwanjani. Anayeingia na hasira zake akimfikiria fulani, mara nyingi ndiye anayetolewa kwa kadi. Tuendelee kucheza, mpira ni mzuri kwa afya na urafiki. Lakini tusidanganyike kwamba teke la nguvu ni dawa. Kulipuka ni mazoezi ya kulipuka. Wazee wa pwani walisema hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi, kwa sababu samaki huyo akighadhibika hujiachia, naye mvuvi hujipatia kitoweo. Adui wa roho zetu ni mvuvi wa namna hiyo.

Wazee walikuwa na mahali pa kuitolea

Ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, wapo Wataita wa milimani. Mtafiti wa mila Grace Harris aliishi kwao mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuandika kitabu juu ya dini yao ya jadi, ambacho jina lake linahusu kuitoa hasira na kuitupa nje. Wataita waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni mwa ndugu inaweza kuleta ugonjwa na mabaya katika ukoo. Kwa hiyo walikuwa na desturi iliyoitwa kutasa: mwenye kinyongo alichukua kinywaji kinywani, maji au pombe ya jadi, akakipuliza nje huku akitamka kwamba anaiondoa hasira moyoni mwake na kuomba heri.

Sisi tunamjua Kristo, na hatuiandiki desturi hii ili irudishwe altareni. Tunaiandika kwa sababu ina hekima tuliyoipoteza. Kwanza, haikuona haya kukiri kwamba mzee mwenye heshima zake ana hasira. Pili, hasira ilitamkwa kwa sauti, haikuachwa ioze. Tatu, maneno hayo yaliishia katika baraka, si katika matusi.

Mama zetu wa huku mkoani Tanga na pwani yote wana njia yao pia: kanga. Mwanamke asiyeweza kumjibu jirani yake hujifunga kanga yenye maneno yanayomhusu, akapita uani. Ni afadhali kuliko kushikana mashati, na tunaiheshimu akili hiyo. Lakini ina upungufu wake. Kanga husema bila kusikiliza. Aliyesemwa hapewi nafasi ya kujibu wala ya kuomba radhi, na kesho naye ataenda dukani kutafuta kanga yake.

Dawa tano za Mtakatifu Thoma

Wanafilosofia wetu humsoma Thoma kwa ajili ya mtihani, na pengine wanapita haraka sehemu moja inayowahusu sana. Thoma anafundisha kwamba hasira huzaliwa na huzuni: nimeumizwa, nami natumaini kulipiza. Basi anayetaka kutibu hasira aanze na lile lililomuumiza. Na kwa huzuni, Thoma anataja dawa tano zilizo rahisi kiasi kwamba mtu hategemei kuzikuta kwa mwalimu mkubwa kama yeye.

Dawa ya kwanza ni kitu chochote halali kinachofurahisha. Kwaya, gitaa, bao chini ya mwembe, kutembea jioni jua linapopungua huku milima ya Usambara ikionekana kwa mbali. Huku si kukimbia tatizo. Moyo uliopata furaha kidogo hulitazama tatizo lile lile kwa ukubwa wake halisi.

Dawa ya pili ni machozi. Thoma anasema kwamba kinachoumiza kikifungiwa ndani huumiza zaidi, na machozi na maneno hukitoa nje. Tunawaomba kina baba na kaka zetu watusikilize hapa. Tumelelewa tukiambiwa kwamba mwanaume halii. Matokeo yake, wanaume wengi wamebakiwa na hisia moja tu inayoruhusiwa, nayo ni hasira. Wakifiwa wanakasirika, wakiogopa wanakasirika, wakiona aibu wanakasirika. Yesu alilia kaburini kwa Lazaro mbele ya watu wote, na hakuna aliyemwona si mwanaume.

Dawa ya tatu ni rafiki anayeshiriki huzuni yetu. Mzigo unaobebwa na wawili hupungua. Rafiki wa kweli si yule anayesema, "Ungemjibu hivi na hivi," akaongeza kuni. Ni yule anayesikiliza hadi mwisho, kisha anauliza, "Sasa tufanyeje?"

Dawa ya nne ni kuutafakari ukweli. Kwa mwenye hasira, swali la kwanza ni: nini hasa kilichoniuma? Mara nyingi si ndoo, ni shamba lililouzwa. Hapa kalamu husaidia. Mwaka 1986 mtafiti James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall waliwaomba wanafunzi wa chuo waandike kwa dakika 15, siku 4 mfululizo, juu ya jambo lililowahi kuwaumiza sana. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Daftari la senti chache linatosha. Andika kila kitu jinsi kilivyo, kisha chana au choma. Jambo moja tu: usiandike kwenye kundi la simu. Karatasi husahau, simu haisahau.

Dawa ya tano ni usingizi na kuoga. Ndiyo, mwalimu wa Kanisa ameandika hivyo. Mwili ukipumzika, moyo nao hupata nafasi. Hata Mungu alifanya hivyo na nabii Eliya, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Eliya alikuwa amechoka, amekata tamaa, anaomba afe. Mungu hakuanza na hotuba. Alimwacha alale, akamtumia malaika mwenye mkate na maji, akamwacha alale tena. Mazungumzo yalikuja baadaye. Ni mara ngapi tunaanza mazungumzo mazito na mtu mwenye njaa aliyetoka shambani saa nane mchana, katika joto la Korogwe? Maji ya kuoga kwanza, chakula, halafu maneno.

Kumwambia Mungu jinsi ilivyo

Wengi wetu tunaposali huwa tunavaa sauti ya adabu, kana kwamba Mungu ni mgeni rasmi. Biblia haina woga huo. Yona alikasirika na kumwambia Mungu wazi, na Mungu hakumpiga radi, alimuuliza swali. Yeremia alimlalamikia Mungu kwamba amemhadaa. Sehemu kubwa ya Zaburi ni malalamiko.

Kila Ijumaa usiku, katika sala ya kumaliza siku, Kanisa linasali Zaburi ya 88, zaburi inayoishia gizani bila neno la faraja mwishoni. Kanisa limeiweka hapo, siku aliyokufa Bwana, midomoni mwa watu wote, hata wale ambao wiki yao imekwenda vizuri, ili anayelia asilie peke yake. Kwa upande mwingine, Zaburi tatu za maapizo, yaani 58, 83 na 109, hazikuwekwa katika Liturujia ya Vipindi iliyorekebishwa baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwa sababu ya ugumu wanaoupata wanaozisali. Lakini hazikuondolewa katika Biblia. Sisi tunaona hekima hapo: si kila hasira inafaa kusomwa kwa sauti mbele ya wote, ila hakuna hasira isiyoweza kupelekwa mbele ya Mungu chumbani, mlango ukiwa umefungwa.

Kwa hiyo ukiwa na hasira, usiahirishe sala mpaka upoe. Nenda na hasira yako mbele ya Ekaristi, kaa, pumua polepole, na useme jambo lenyewe kwa jina lake. "Bwana, nimemchukia fulani kwa sababu hii." Anayesali hivyo amekwisha kukabidhi kisasi mikononi mwa mwingine.

Kumwambia anayehusika, tena mapema

Sala haichukui nafasi ya mazungumzo. Katika Mathayo sura ya 5 Bwana anamwambia mwenye sadaka aiache pale altareni, akapatane kwanza na ndugu yake. Majirani zetu wa Kongo wanaadhimisha hilo waziwazi: katika utaratibu wa Misa ulioidhinishwa mwaka 1988 kwa majimbo ya Zaire ya wakati ule, tendo la toba linakuja baada ya mahubiri na Nasadiki, na mara baada yake watu wanapeana amani, kabla ya matoleo. Hakuna kupeleka vipaji ukiwa hujampa jirani mkono.

Na wakati ni muhimu. Mtume Paulo anawataka Waefeso wasiache jua lizame wakiwa bado na hasira. Papa Fransisko aliwarudia wanandoa shauri hilo mara nyingi, kwamba wasimalize siku bila kupatana, hata kwa ishara ndogo tu. Kwetu ishara ndogo tunazijua: kumpelekea mtu chai, kumsaidia ndoo, kumwita "kaka" kama zamani. Mtakatifu Fransisko wa Sales naye alishauri kwamba ukishamkasirikia mtu ovyo, mfanyie haraka tendo la upole yeye huyo huyo, kabla kidonda hakijakauka vibaya.

Ukienda kuzungumza, sema lililotendeka na lilivyokuumiza, si tabia za mtu na ukoo wake. "Jana ulinisema mbele ya wadogo, nikaona aibu," ni maneno yanayojibika. "Wewe daima una dharau," hayajibiki, yanaanzisha vita. Mkishindwa wawili, tafuteni wa tatu, kama Bwana anavyoelekeza katika Mathayo sura ya 18. Jumuiya ndogondogo zetu zingekuwa mahali pazuri pa upatanisho kama huo, kuliko kuishia kukusanya michango na kupanga zamu za usafi wa kanisa.

Hasira isiyotakiwa kutulizwa tu

Lazima tuseme jambo moja kwa uwazi, mafundisho haya yasije yakageuzwa kuwa silaha. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikie miaka 15. Mama anayepigwa nyumbani asiambiwe apumue polepole na kusali Zaburi. Hasira yake inasema kweli. Inamwambia kwamba lililotendeka ni ovu. Anahitaji usalama, anahitaji kusindikizwa kwa paroko, kwa viongozi wa mtaa, na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Vivyo hivyo kibarua aliyedhulumiwa ujira wake na mjane aliyenyang'anywa shamba. Kwa hao, njia yenye afya ya kuitoa hasira ni haki. Tukiwatuliza bila kuwasaidia tumekuwa upande wa mdhalimu.

Ombi letu

Kwa walezi wetu, tunaomba kwa heshima. Mwongozo wa malezi ya kipadre uliotolewa Vatikano Desemba 2016 unaweka malezi ya kiutu kuwa msingi wa malezi mengine yote. Basi mseminari aliyekuja kusema, "Nimekasirika na sijui nifanye nini," asiandikwe kama mwenye tatizo. Huyo ndiye anayeleleka. Wa kumwogopa ni yule ambaye kwa miaka saba hakuwahi kuwa na neno.

Kwa waseminari wenzetu: wengi wetu hatumwambii baba wa kiroho mambo yetu kwa kuogopa kwamba yatafika kwa gombera. Someni kanuni ya 240 ya Sheria za Kanisa. Inakataza kabisa kuuliza maoni ya baba wa kiroho au ya muungamishi pale inapoamuliwa mtu apewe daraja au aondolewe seminarini. Kanisa limetufungulia mlango na kuweka mlinzi. Tuutumie.

Kwa waamini: wazazi, waacheni watoto waseme walichokasirikia, bila matusi na bila kofi. Wanandoa, lilindeni jua la jioni. Viongozi wa jumuiya, kabla ya kusoma taarifa ya michango, ulizeni kama yupo aliyekuja na mzigo.

Mwenzetu yule alimwomba radhi mdogo wake kesho yake asubuhi, akamchotea maji. Wakati wa likizo alikwenda nyumbani, akaketi na baba zake wadogo mbele ya mama, na jambo la shamba likasemwa kwa mara ya kwanza. Halikuisha siku ile. Lakini aliporudi alikuwa analala usiku, na tangu hapo tunamwona akikasirika kama watu wengine: anasema, anapoa, anaendelea na kazi.

Bwana atujalie hasira inayosema kweli, na moyo unaolala bila kinyongo. Amina.